Mlango Uliofunguliwa Jalada

Kabla sijasema lolote, ieleweke kwamba mimi naipenda serikali yetu. Naipenda asubuhi, naipenda mchana, na hata siku ile niliyojitwika mlango kichwani huku jua likinichoma, nilikuwa naipenda, ila kwa kuhema. Nasema hivi mapema kwa sababu wapo watu wenye roho mbaya watakaosoma habari hii na kudhani nailaumu. Silaumu mtu. Naeleza tu yaliyotokea.

Jina la nchi yetu sitalitaja. Kulitaja kunahitaji kibali cha Idara ya Matumizi ya Jina la Nchi, na mara ya mwisho nilipopita pale foleni yao ilikuwa imefika kwenye choo cha stendi. Itoshe kusema ni nchi nzuri, ina bendera, na kila wilaya ina jiwe lake la mpaka, linalopakwa chokaa kila mwaka siku ya sherehe.

Kwetu ni katikati ya mawe hayo. Wapimaji wa Wilaya ya Juu walisimika jiwe lao. Wapimaji wa Wilaya ya Chini, ambao siku hizo walikuwa hawasemezani na wenzao kwa ugomvi wa posho, wakasimika la kwao kilomita tatu mbele. Pakabaki ardhi isiyo ya wilaya yoyote, na watu wakajenga humo. Leo tuko nyumba themanini na sita. Tuna kisima, tuna mashine ya kusaga, tunaoa na tunazika. Ila si kijiji, maana hakuna mahali tulipoandikwa. Tunaitwa Baina ya Mawe, jina tulilojipa wenyewe bila kibali, kosa ambalo wakati huo serikali ilikuwa bado haijaligundua.

Mimi naitwa Fikirini Chombo, na kazi yangu ni kuandikia watu barua. Kila asubuhi nilikuwa nabeba taipureta yangu mpaka kwenye baraza ya Mahakama ya Wilaya ya Juu, naiweka juu ya kasha, watu wananieleza shida zao nami nazigeuza kuwa maombi, malalamiko au rufaa. Miaka kumi na tisa nimefanya hivyo. Hakuna mtu nchini anayejua kuliko mimi mahali pa kuweka neno "tajwa hapo juu".

* * *

Jirani yangu ni Bi Zawena Kitundu. Marehemu mume wake alikuwa rafiki yangu, kwa hiyo ananiita shemeji. Anaoka mikate. Ni mwanamke mrefu, asiyeweza kukaa kwenye kiti zaidi ya dakika mbili. Hata msibani huwa anakaa akisimama. Mdogo wake aliyekuwa akiishi mjini alifariki mwezi wa tatu, akaacha mtoto wa miaka minne aitwaye Siwema. Kabla Bi Zawena hajapata taarifa ya msiba, serikali, ambayo haichelewi pale inapotaka, ilikuwa imekwisha kumchukua mtoto na kumweka katika Makao ya Taifa ya Watoto Wenye Bahati.

Tulikwenda pamoja kumchukua. Afisa Ustawi alikuwa Bibi Perpetua Ndimbo, mtu mzima, mpole, miwani yake imefungwa kwa kamba ya kiatu. Alitoa fomu yenye maswali arobaini.

"Uhusiano wako na mtoto?"

"Mimi ni mama yake mkubwa."

"Umewahi kufungwa?"

"Hapana."

"Umewahi kufilisika?"

"Ndiyo," akasema Bi Zawena.

Nilimkanyaga mguu, lakini nilichelewa.

"Nilitoa mlango mwaka ule wa mafuriko," akaendelea, bila wasiwasi wowote. "Ila ulisharudi."

Lazima nieleze hapa, maana mtu wa kwingine asingejibu vile. Kwetu hakuna mahakama. Ya Juu inasema sisi ni wa Chini, ya Chini inasema sisi ni wa Juu. Basi tangu zamani tuna utaratibu wetu. Mtu akishindwa kuwalipa watu hakimbii wala hajifichi uvunguni. Anang'oa mlango wa nyumba yake, anaubeba mpaka kwenye mashine ya kusaga na kuuegemeza ukutani. Wanaomdai wanakuja na msumari, kila mmoja anakwaruza mstari na alama yake. Tangu saa hiyo ni marufuku kumdai kwa mdomo. Mwenye neno akauambie mlango. Ukilipwa, au ukisamehe, unaukata mstari wako. Mistari yote ikishakatwa, majirani wanaubeba mlango kwa vigelegele na kuupachika mahali pake, upande wenye mikwaruzo ukiwa ndani, kwa kuwa sasa habari ile ni ya mwenye nyumba peke yake.

Hiyo ndiyo hukumu yetu, na ndilo jalada, na ndicho cheti. Mtu wa kwetu anasema "nilitoa mlango" kama mwingine anavyosema aliwahi kuugua surua. Bi Zawena alitoa wake mumewe alipougua mwaka mzima na unga wote wa mikate ukaishia kwenye dawa. Mistari kumi na mmoja. Ulirudi baada ya miaka miwili, na siku ile mimi ndiye niliyeshika upande wa bawaba.

Bibi Perpetua alivua miwani. "Mama, sasa kwa nini umesema ndiyo?"

"Si umeniuliza?"

"Nimeshaandika kwa wino." Alisema kwa huzuni ya kweli. "Fomu hii haifutwi. Sasa lazima ulete cheti cha mahakama kinachoonyesha ulifilisika lini na ulisafishwa lini. Tarehe thelathini linakuja lori kuwachukua watoto wasio na ndugu. Wanapelekwa Makao ya Kaskazini."

"Huko ni mbali?"

"Siku tatu."

"Lakini huyu ana ndugu. Mimi hapa nimekaa mbele yako."

"Umekaa, mama. Ila bado hujathibitishwa."

Walituletea Siwema kwa dakika tano. Alikuwa amenyolewa kipara na kuvikwa sare yenye namba. Alimshika Bi Zawena kanga akauliza, "Mama Mkubwa, tunaondoka?"

"Bado kidogo, mwanangu."

Siku ile ilikuwa tarehe kumi na tisa.

* * *

Kesho yake alfajiri tulikuwa mlangoni pa masjala ya Wilaya ya Juu, kabla hata karani hajafika. Karani wa masjala ni Bwana Gosberti, mtu tuliyezoeana naye, lakini akiwa nyuma ya dirisha lake huwa hazoeleki.

"Kijiji?" akauliza, kana kwamba hatujawahi kunywa chai pamoja.

"Baina ya Mawe," akajibu Bi Zawena.

Gosberti alipitisha kidole kwenye orodha, akaigeuza, akaipitia tena kutoka chini. "Hakipo."

"Mimi natokea huko."

"Unatokea mahali ambapo hapapo. Mimi sikukatalii, mama. Orodha ndiyo inakukataa. Mkazi wa mahali ambapo hapapo hawezi kuwa na kesi, na asiye na kesi hana jalada. Nendeni Chini."

Tulikwenda Chini kwa miguu, Bi Zawena mbele, mimi nyuma nikimwomba apunguze mwendo. Huko, nawasifu, walikuwa wa kisasa. Walikuwa na kompyuta. Kijana aliyekaa mbele yake aliandika jina letu kwa kidole kimoja, akangoja, akatabasamu.

"Mpo!" akasema.

Nakiri moyo wangu ulidunda. Miaka yote ile, kumbe tupo.

"Mmeandikwa kama hifadhi ya nyuki," akaendelea. "Mizinga themanini na sita. Hali ya nyuki: nzuri."

"Sisi ni watu," akasema Bi Zawena.

"Inawezekana, mama, lakini mizinga haifilisiki. Hapa hata nikitaka kukusaidia, sehemu ya deni haifunguki. Inanipa sehemu ya asali tu."

Alitutolea karatasi ya kuthibitisha kwamba hali yetu ni nzuri, na akatutoza shilingi mia mbili za wino. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Bi Zawena aliikunja karatasi ile mara nne, akaitazama, akaikunja tena mara ya tano.

* * *

Makao makuu ya nchi ni siku moja kwa lori la chumvi. Tulikwenda. Huko ndiko iliko Idara Kuu ya Kufilisika, jengo la ghorofa nne lenye zulia jekundu, lakini ndani yake hatukuona jalada hata moja. Kuta zilikuwa tupu, zimesafishwa, na kwenye kila rafu lilikuwapo ua la plastiki.

Msajili Mkuu alitupokea mwenyewe, kwa sababu kumbe alikuwa hajapata mgeni tangu mwaka juzi. Alisimama, akafunga kifungo cha koti, akatuhutubia sisi wawili kana kwamba tumejaza uwanja.

"Ndugu wananchi! Kufilisika kulikomeshwa katika nchi hii siku ya Jumanne, saa nne asubuhi, kwa tamko la Mheshimiwa Waziri. Tangu Jumanne ile hakuna raia aliyefilisika, na wale waliokuwa wamefilisika Jumatatu walihesabiwa kuwa walichelewa kupata habari. Majalada yote tuliyaondoa, kwa kuwa yalikuwa yanaichafulia nchi jina mbele ya wageni. Makofi!"

Nilipiga makofi. Bi Zawena hakupiga.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi nilifilisika na watu wangu wakanisamehe. Ninaomba karatasi inayosema hivyo, ili nimchukue mtoto wa mdogo wangu."

"Ulifilisika kabla ya Jumanne au baada ya Jumanne?"

"Kabla. Miaka tisa sasa."

"Basi hilo ni jambo la kihistoria, na historia iko wilayani." Aliketi, akajipepea. "Mahakama ya wilaya inaweza kukupa cheti endapo utaipelekea kumbukumbu ya asili. Una kumbukumbu ya asili?"

Hapo ndipo mdomo wangu uliponiponza. Miaka kumi na tisa ya kuandika rufaa humfanya mtu ajione wakili.

"Anayo, Mheshimiwa," nikasema. "Iko nyumbani kwake. Kwa kweli ndiyo inayofunga nyumba."

Msajili Mkuu alifurahi mno. Aliandika barua kwa mkono wake kumwagiza Hakimu wa Wilaya ya Juu aipokee kumbukumbu ya Bi Zawena Kitundu, "ya namna yoyote itakayokuwa". Njia nzima ya kurudi nilijisifu. Bi Zawena alikuwa amekaa juu ya magunia ya chumvi akinitazama.

"Shemeji, una hakika wataurudisha?"

"Serikali haiibi milango," nikamwambia.

* * *

Tuliung'oa tarehe ishirini na sita asubuhi. Mvule mtupu, mzito. Tuliubeba kwa zamu na vijana wawili wa mashine ya kusaga. Kwenye kizuizi cha barabarani askari alituzuia, akauzunguka mlango mara mbili, akasema mlango bila nyumba ni sehemu ya jengo inayosafiri, na jengo linalosafiri lazima liwe na taa nyuma. Tulifunga kitambaa chekundu kwenye kitasa. Akaridhika, akatupigia saluti.

Kesi ilisikilizwa kesho yake mbele ya Mheshimiwa Hakimu Nderumaki, mtu anayesifika kwa kutokuwa na haraka. Mlango uliegemezwa kizimbani. Kwa kuwa ulikuwa unatoa ushahidi, ilibidi uapishwe, na kwa kuwa dini yake haikujulikana, uliwekewa vitabu vyote viwili. Kisha Hakimu alishuka kitini, akauinamia, akasoma mikwaruzo yote kumi na mmoja kwa kidole, polepole, midomo ikimchezacheza.

Nitakuwa mwongo nikisema sikuguswa. Mstari wa sita ulikuwa wangu. Niliukwaruza kwa hasira mwaka ule, una kina, na niliukata baada ya wiki moja nilipomwona rafiki yangu alivyokonda. Kumwona hakimu mwenye joho akiusoma mstari wangu kulinifanya nitake kulia mbele za watu.

"Mahakama hii," akasema alipokwisha kurudi kitini, "imeuona mlango. Imeugonga. Imeridhika kwamba ni mlango. Mistari ni kumi na mmoja na yote imekatwa. Zawena Kitundu alifilisika, na Zawena Kitundu amesafishwa. Cheti kitolewe."

Bi Zawena alipiga kigelegele kimoja kifupi. Alitozwa faini ya kigelegele, nami nikailipa kwa furaha.

Mpiga chapa wa mahakama alikuwa likizo, kwa hiyo hukumu ile niliipiga mimi, kwa taipureta yangu, Hakimu akinisomea. Nasema kweli, ilikuwa siku kubwa ya maisha yangu. Kwa mara ya kwanza jina la Baina ya Mawe liliingia katika karatasi ya serikali, na si kwa habari ya nyuki. Nililipiga kwa herufi kubwa. Kifungu cha tatu kilisema hivi: kwa kuwa imethibitika kwamba kule mlango ndiyo kumbukumbu, basi kuanzia leo nyumba yoyote ya BAINA YA MAWE isiyo na mlango wake itahesabiwa kuwa ya muflisi, na muflisi hataruhusiwa kufanya kazi ya kujipatia riziki katika eneo la mahakama.

"Mheshimiwa," nikasema kwa unyenyekevu, "nashauri tuseme mlango wake wa asili. Bila hivyo mtu mjanja atapachika mlango wowote."

"Umesema vyema, Bwana Fikirini. Ongeza."

Nikaongeza. Nikapiga na mstari chini yake.

Bi Zawena alipewa cheti chenye mihuri mitatu. Mlango nao ulipigwa mihuri, minne, na ukafunguliwa jalada. Tulipoinama kuubeba, Gosberti alikohoa.

"Kumbukumbu ya asili haitoki masjala," akasema.

"Ni mlango wa nyumba yangu," akasema Bi Zawena.

"Ulikuwa, mama. Sasa ni jalada namba moja la mwaka huu. Unaruhusiwa kuja kuusoma siku za kazi, saa tatu hadi saa sita."

Nilizungumza naye, nikamwandikia ombi, nikamwandikia na rufaa juu ya ombi. Kesho yake nilipokwenda kufuatilia nilikuta mlango umelazwa juu ya makasha mawili ndani ya masjala, na makarani wanne wamekaa kuuzunguka, wanakunywa chai. Gosberti alinikaribisha kikombe. Sikunywa.

* * *

Tarehe thelathini, saa saba mchana, gari la serikali lilikuja Baina ya Mawe, la kwanza tangu dunia iumbwe. Bibi Perpetua alishuka. Siwema alibaki kiti cha nyuma na kifurushi chake mapajani.

"Nimekuja naye," Bibi Perpetua alisema. "Ukaguzi ukienda vizuri nakuachia hapa hapa. Usipokwenda vizuri, lori linaondoka mjini saa kumi na mbili."

Alisoma cheti, akakisifu. Alikagua kitanda, akakagua chandarua, akaonja mkate. Kisha akarudi mbele ya nyumba na fomu yake, akasimama.

"Kipengele cha tisa. Mlango."

Pale mlangoni Bi Zawena alikuwa ametundika mkeka. Bibi Perpetua aliupapasa.

"Huu ni mkeka, mama."

"Mlango wangu uko mahakamani. Ndio uliotoa hicho cheti ulichoshika."

"Nimekuelewa. Lakini fomu inauliza upo au haupo." Alitazama saa yake. "Mimi naweza kungoja hadi saa kumi. Zaidi ya hapo siwezi."

Bi Zawena alikimbilia uani akarudi na meza yake ya kukandia unga, akaisimamisha wima mlangoni. Bibi Perpetua aliitazama kama mtu anayetaka kuamini.

"Mama, hii ina miguu."

Nusu ya Baina ya Mawe ilikuwa imekusanyika. Siku zote jambo la namna hii lingekwisha kwa dakika kumi. Mtu angetoa mlango wake, basi. Lakini hukumu nilikuwa nimewasomea mwenyewe pale kwenye mashine ya kusaga, kwa sauti, nikirudia kifungu cha tatu ili wasikie jina letu lilivyopigwa. Kila mtu alijua nyumba isiyo na mlango wake wa asili sasa ni nyumba ya nini. Watu waliangalia chini. Mmoja mmoja wakaanza kukumbuka shughuli. Siwalaumu, wana watoto pia.

Bi Zawena hakumwomba mtu. Alikwenda kwenye dirisha la gari, akasimama pale, akaingiza mkono. Siwema akakishika kidole chake kimoja.

"Mama Mkubwa, tunaondoka?" akauliza.

Bi Zawena akamwekea kifurushi sawa mapajani kwa mkono wa pili.

Mimi nilikwenda nyumbani kwangu. Nilikaa kitandani, nikasimama, nikakaa tena. Nilikuwa naogopa, na sioni sababu ya kuficha. Mtu wa miaka hamsini na minane, asiyejua kulima wala kuoka, kazi yake yote iko kwenye baraza moja. Nilijaribu kutunga ombi kichwani, "kuhusu mada tajwa hapo juu", na maneno hayakuja. Nilitazama saa. Ilikuwa saa tisa na nusu. Nikachukua bisibisi.

Bawaba za juu zilikuwa na kutu. Nilizipiga nyundo, nikautoa, nikajitwika, nikatoka nao. Njiani hakuna aliyenisemesha, ila vijana wa mashine ya kusaga walikuja wakashika upande wa nyuma. Uliingia kwenye miimo ya Bi Zawena ukabaki na nafasi ya vidole viwili upande wa chini, lakini ulifunga.

Bibi Perpetua aliusogelea. Upande wa nje, kwa rangi nyekundu, niliwahi kuandika: F. CHOMBO. BARUA, MAOMBI NA RUFAA. BEI ZA MAELEWANO. Alisoma yote. Akanitazama mimi, akautazama mlango.

"Mlango huu ni wa nani?"

"Wa nyumba hii," nikasema.

"Na maandishi?"

"Mapambo," akasema Bi Zawena.

Bibi Perpetua alivua miwani akaisafisha, akaivaa, akaivua akaisafisha tena. Kisha akaandika, nami nilisoma juu ya bega lake: "Mlango upo. Una maandishi ya kuelimisha." Alipiga mhuri juu ya boneti ya gari.

"Nitakuja kukagua kila mwezi," akasema taratibu, akinitazama mimi, si Bi Zawena. "Mpaka mtoto atimize miaka kumi na minane. Kila mara lazima niukute."

"Utaukuta," nikamwambia.

Ndipo akafungua mlango wa gari.

* * *

Kesho yake nilifika mahakamani kama kawaida, nikaweka taipureta juu ya kasha. Gosberti alitoka na hukumu mkononi. Habari zilikuwa zimemfikia. Alinisomea kifungu cha tatu mpaka mwisho, na alipofika kwenye maneno "wa asili" alinyanyua macho.

"Hakuna kosa hata moja la chapa," akasema. "Kazi safi sana hii, Fikirini."

"Asante," nikasema. Unapoipenda serikali unapokea sifa zake.

Alinisaidia kunyanyua kasha. Nilirudi nyumbani na taipureta kichwani, nikasimama mbele ya nyumba yangu iliyo wazi, kuku wawili wa jirani wakiwa wamekwisha kuingia, na sikutaka kuingia nao. Nikazunguka kwa Bi Zawena. Alikuwa uani kwenye tanuri, nilisikia akigonga makopo ya mikate. Nikabisha hodi.

Ndani, miguu midogo ilikuja mbio ikasimama.

"Nani?"

Nilitaka kusema ni mwenye mlango.

"Jirani," nikasema.

"Jirani gani? Mama Mkubwa amesema nisimfungulie mtu."

"Amesema vizuri," nikamjibu. "Usifungue."

Akausukuma kutoka ndani kwa nguvu zake zote, kuhakikisha umefunga.